Barua kwa mwanangu: simu ikae mikononi mwa watoto

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia umejitolea kwenye mradi wa filamu na maigizo ya watoto hapo Bagamoyo. Kuigiza hakutawapa shida. Watoto wa hapo wamekulia kwenye ngoma, na TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, iko mlangoni. Shida huwa ni watu wazima kuwanyang'anya simu wanayorekodia. Simu ikae mikononi mwao, wewe mikono nyuma. Ukiona kichwa cha mwigizaji kimekatwa, usiguse. Muulize mpiga picha, "Kichwa chake kiko wapi?" Atasogea mwenyewe.

Wagawe sita sita: mwongozaji, mpiga picha, wa sauti, wa kupiga kofi la kuanzia, na waigizaji wawili. Kila tukio likiisha wabadilishane, la sivyo wavulana wakubwa watashika simu kutwa nzima na wasichana wataishia kuigiza tu.

Msiwape maneno ya kukariri, watayatoa kama ngonjera. Wakubaliane tu nani anataka nini na nini kinamzuia, kisha waseme kwa maneno yao. Jukwaani wamezoea kupaza sauti na kuelekea watazamaji; mbele ya kamera waangaliane na waongee kama wanavyoongea uani. Dakika tatu za filamu zinatosha kabisa.

Sauti ndiyo inayoharibu filamu nyingi za namna hii. Simu iliyo mita nne kutoka kwa mwigizaji inanasa bodaboda kuliko maneno yake. Tumieni simu ya pili kurekodi sauti tu, ishikwe chini ya fremu, yaani isionekane kwenye picha, isizidi mita moja kutoka mdomoni. Usiitie mfukoni, kitambaa kitakwaruza. Kabla ya kuanza, mtoto apige kofi moja mbele ya kamera: kwenye kuhariri, mlio wa kofi unaulinganisha na mikono inapokutana, na picha na sauti zinakaa sawa. Simu zote mbili ziwekwe hali ya ndege, maana mtu akipiga, kurekodi kunaweza kukatika. Upepo wa bahari nao hauna huruma. Jibanzeni nyuma ya ukuta. Na kila mahali mrekodi nusu dakika ya ukimya wa hapo, utaziba mapengo ya sauti mkihariri.

Mwanga: pigeni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi. Saa sita jua linaweka vivuli machoni. Mtoto asisimame na bahari nyuma yake, simu itafuata mng'ao wa maji na uso utakuwa mweusi ti. Mpiga picha abonyeze uso kwenye skrini, ashikilie mpaka mwanga ufungike, usibadilike tena.

Video ya 1080p, ubora wa kawaida wa simu nyingi, hula takriban MB 130 kwa dakika, kwa hiyo kadi ya GB 16 inajaa kwa saa mbili hivi. Kila jioni nakilini sehemu mbili kabla ya kufuta chochote.

Kwa wazazi, ombeni ridhaa mbili tofauti: mtoto kushiriki, na sura yake kuonyeshwa hadharani. Mzazi akikubali ya kwanza tu, mtoto huyo afanye sauti au uongozaji. Mtoto mwenyewe pia aulizwe. Hakuna klipu kwenye stetasi yako, hata iwe nzuri vipi. Vibali vya serikali ya mtaa na Bodi ya Filamu ni kazi ya viongozi wa mradi, ila uliza kama vipo kabla hamjatoka na simu barabarani.

Usibaki peke yako na mtoto mahali pa faragha. Na hadithi ikianza kufanana na kipigo cha nyumbani kwake, usimchimbe wala usimwahidi siri. Msikilize, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo. Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto ni bure.

Siku ya kuonyesha, shuka jeupe lipigwe pasi, na muanze baada ya magharibi. Majina ya mwisho wa filamu wayaandike watoto wenyewe kwenye karatasi, myapige picha, yasikosewe herufi. Ekstensheni nakutumia kwa basi la Jumatano.

Mama yako