Kwenu vijana wa kijiwe cha boda, kuhusu hizo methali mnazorushiana

Wanangu na wajukuu zangu wa kijiwe cha hapa njia panda, salaam sana. Shikamoo zenu za kila asubuhi nazipokea, marahaba, ila leo nimeona niandike maana kuongea na nyie pale kijiweni haiwezekani, mtu akianza tu kusikiliza, basi la abiria limesimama, wote mnaruka kama kuku waliomwagiwa mtama. Anayechapa hii ni mjukuu wangu, mimi nasema yeye anaandika, kwahiyo mkiona makosa msije kwangu.

Nimeonyeshwa yale mliyoandika kwenye grupu lenu wiki iliyopita. Mwenzenu yule wa mwisho kuingia kijiweni, jina silitaji, aliomba atolewe laki na nusu kwenye kikoba, ule mfuko wenu wa kuweka akiba pamoja, mama yake kalazwa, na kwenye hicho kikoba na yeye keshaweka elfu mbili mbili zake za kila siku tangu mwaka juzi. Kwa vile mnasema kaisha kwa kubeti, hakujibiwa ndiyo, hakujibiwa hapana. Kajibiwa methali. Mmoja kaandika mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwingine majuto ni mjukuu, mwingine asiyesikia la mkuu huvunjika guu na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, halafu wewe mwenyekiti ndo ukafunga kazi na mchumia juani hulia kivulini. Kijana akanyamaza. Kesho yake hakuja kijiweni na mpaka leo naandika hajaonekana.

Sasa mwenyekiti nianze na wewe maana nakupenda na baba yako alikuwa rafiki yangu. Hiyo hulia uliyoiandika wewe umeifanya ya machozi, kwamba jamaa kahangaika juani na sasa analia kivulini, ha ha ha. Mwanangu, hulia hapo ni ya kula. Anayechuma juani anakuja kulia chakula chake kivulini, ndo maana yake, anayetoka jasho leo kesho atakaa pazuri ale kwa raha. Umemuombea dua huku unadhani unamzomea! Na mimi nasema amina, ila uelewe kwamba watu kumi na nne mmecheka dua.

Na hizo mbio za sakafuni. Nyie mnadhani sakafu ni hii ya sementi ndani ya nyumba, mtu anakimbia anagonga ukuta. Wenyewe wa pwani waliokuwa na nyumba za mawe sakafu waliita mpaka ile dari ya juu, bapa, watoto wanacheza kule juu na ukingo ndo mwisho, ukipitiliza unakuta hewa. Kwahiyo aliyesema vile alikuwa na wasiwasi, ni kama mama anaita mtoto rudi ndani utaanguka. Huwezi kumwambia mtu ambaye keshaanguka. Mtu akishakuwa chini kavunjika unamwambia mbio za sakafuni, hayo sio maonyo tena, ni kicheko tu kimevaa kanzu.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu na mimi nimewahi kufanya, tena vibaya kuliko nyie, ngoja niwaambie.

Nilikuwa dereva wa malori miaka mingi, mnajua. Kuna mwaka mdogo wangu wa tumbo moja alisimamishwa kazi mjini, akaja kwangu na begi lake moja. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule, mke na watoto watatu, hali yenyewe mnaijua. Siku ya kwanza tukachinja kuku, ya pili tukala naye vizuri, kufika siku ya tano mimi nimetoka safari nimechoka namkuta kalala kwenye kochi, nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika kabisa, wahenga walisema mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe. Mke wangu akaniangalia tu. Alfajiri tukaamka begi halipo. Miaka sita hatukuongea, na tulikuja kuongea msibani kwa mama, mbele ya watu, kwa aibu.

Baadaye nikaja kuifikiria ile methali, mtu ukiwa peke yako barabarani usiku unafikiria sana. Mwalimu Nyerere aliitumia kwenye maandishi yake ya ujamaa ya 1962, na akaongeza jambo ambalo sie tunaoipenda hatulisemi, kwamba mgeni mwenyewe alikuwa na kawaida ya kuliomba jembe kabla hajapewa maana aliona haya kukaa bure. Yaani wote wawili walikuwa wanajua, na shamba lilikuwepo. Sasa mimi jembe lilikuwa wapi? Nilipanga vyumba viwili mjini, sina hata tuta la mchicha! Ningekuwa na akili ningempeleka kwa tajiri wangu awe utingo, hilo ndo lingekuwa jembe. Mimi nilimpa methali mkononi hana kitu. Na kwanza hizi za wageni kuna ule wimbo mrefu wanausema wazee, mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza, unaenda siku kwa siku mpaka mgeni anafukuzwa kabisa, ukiusikia wote unacheka, mimi nilichomoa kale kasehemu kalikonifaa.

Na ndo nnachotaka kuwaambia nyie. Methali ni rahisi kuchomoa. Kila moja ina mwenzake anayeibishia, wahenga hawakuwa mtu mmoja, walikuwa wanabishana kama nyie mnavyobishana Simba na Yanga. Haraka haraka haina baraka, mwingine akajibu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Subira yavuta heri, mwingine tumbo linamkata akasema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Sasa ukiwa na dereva kalewa anataka kulipita lori kwenye kona unampa ile ya haraka, ukiwa na mama amelazwa na dawa zinatakiwa leo huwezi kumpa mtu subira, hiyo ni siku ya matumbo kuuma. Anayezijua methali sio mwenye nyingi kichwani, hata kasuku anaweza kuwa nazo nyingi, ni yule anayeangalia aliye mbele yake kwanza ndo akachagua, na mara nyingine akachagua kunyamaza akaingiza mkono mfukoni.

Kikoba chenu mlikifungua kwa haba na haba hujaza kibaba, mmeiandika mpaka kwenye daftari, nimeiona. Mnajua kibaba lakini? Kilikuwa kipimo cha nafaka, vibaba vinne unapata pishi moja, sio debe wala gunia, ni kidogo cha siku. Ina mwenzake nayo, bandu bandu huisha gogo, ukibandua kipande leo kipande kesho gogo lote linakwisha. Kidogo kidogo kinajaza na kidogo kidogo kinamaliza, kazi ni ile ile, tofauti mkono unaelekea wapi. Huyo mnayemcheka kwamba kaisha kwa kubeti, kweli alibeti, ila wangapi hapo hamjachana mikeka ya kubeti? Mkeka kwetu sie ni wa kulalia na kuswalia, nyie mkeka wenu unachanika kila Jumamosi saa kumi na moja jioni. Na hiyo mikopo ya kwenye simu mnayochukua usiku usiku, wazee walishaisema zamani kabla hata ya simu ya waya, kukopa harusi kulipa matanga. Hii ndo ya kuambiana, tena mapema, kabla mtu hajabonyeza kukubali, sio baada.

Halafu ile ya asiyesikia la mkuu. Hii wazee wenzangu tunaipenda mno na ndo maana na nyie mmeiokota. Lakini mwenyekiti, ukitaka kuwa mkuu ipo inayokuhusu wewe, ukubwa ni jaa. Jaa ni jalala, pale pa kutupia taka. Mkubwa ndo anayetupiwa kila kitu, maganda, majivu, matusi, na anapokea. Ukichukua ya guu lazima uchukue na ya jaa, huwezi kuchukua kofia ukaacha jua. Na samaki mkunje angali mbichi mnayowaambia wageni wa kijiwe mkiwaoshesha pikipiki zenu bure, aliyewahi kukunja samaki wa kubanika anajua hakunjwi kwa hasira, unamkunja taratibu na unyevu wake, ukitumia nguvu anapasuka tumbo na hakuna wa kumnunua.

Kwenye malori nilipita nchi za watu, na kitu kilichonishangaza ni kwamba hili la kushikana kila watu wamelitoa kwenye kazi yao wenyewe. Sie tunasema kidole kimoja hakivunji chawa, ya nyumbani kabisa hiyo, ya kichwani kwa mtoto. Ukivuka Mutukula ukaingia Uganda wanakwambia agali awamu ge galuma ennyama, meno yaliyo pamoja ndo yanayotafuna nyama. Wakikuyu wanasema kamũingĩ koyaga ndĩrĩ, kikundi ndo kinachonyanyua kinu, na kile kinu cha gogo ukikiona mwenyewe utajua kwa nini. Ukishukia Kasumulu ukaingia Malawi, kuelekea Karonga na ukaendelea mpaka Lilongwe utasikia mutu umodzi susenza denga, kichwa kimoja hakibebi paa. Mimi hii niliielewa nilipoeleweshwa kwamba paa la nyasi wanaweza kulisuka chini, likishakuwa tayari wanaume wanaingia chini yake wananyanyua wote pamoja na kulitembeza mpaka juu ya kuta. Wewe jifanye mjanja uchomoke katikati uone paa linavyomuelemea mwenzio shingoni.

(Kuna moja mnaibandika sana kwenye stetasi, ukitaka kwenda haraka nenda peke yako, ukitaka kufika mbali nendeni pamoja, chini mmeandika methali ya Kiafrika. Nimeuliza watu wa makabila mengi tu hiyo ni ya kwenu? Kwa lugha gani? Hakuna aliyeidai. Afrika sio kijiji kimoja, methali ina kwao kama mtu ana kwao. Sisemi ni mbaya, nasema sijamjua mjomba wake.)

Ya kwangu mimi ni moja, nimezaliwa nayo Pangani. Baba alikuwa fundi wa mashua na mwenyewe ile ya vyaelea vimeundwa alikuwa haisemi kwa mdomo, alikuwa anakuonyesha mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, anakuonyesha mataruma, mbavu zake, anakupa pamba ukalafati, yaani uzibe nyufa za mbao, siku nzima mpaka vidole vinavimba, jioni anakuuliza umeelewa? Lakini aliyokuwa anaisema ni hii, mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini tumboni maji yanakojikusanya. Nikiwa mtoto nilichota maji ngamani kwa kopo, mgongo unauma, miguu kwenye maji machafu yananuka samaki, juu nawasikia wakubwa wanaongea habari za upepo. Chombo kikianza kuvuja kweli hakuna wa tezi wala wa omo, nahodha mwenyewe anashuka kuchota.

Basi kijiwe kinavuja. Nimefanya hesabu na mjukuu wangu hapa, mwenzenu kwa elfu mbili kwa siku, hata ukitoa siku alizokosa, kilicho chake kwenye kikoba kinazidi laki na nusu mara nyingi tu. Kwahiyo hakuomba msaada, aliomba chake. Mwenyekiti na mweka hazina leo mkishusha abiria wa mwisho nendeni kwao, msimpigie simu, nendeni, mkampe mkononi, na yule wa vikatuni aende naye. Msiende na methali hata moja. Mpeni pole, muulizeni mama anaendeleaje, kama anataka mtu wa kumpeleka hospitali asubuhi mpangiane zamu, boda mnazo.

Kesho asubuhi mimi nitakuwa pale kwenye benchi la muuza kahawa, kashata nitanunua mimi. Nataka nimuone na yeye amekaa hapo, na pikipiki yake iko kwenye foleni kama zenu, namba yake ile ile aliyoiacha.