Shangazi, tatizo ni Kifini changu au jina langu?

Shangazi, shikamoo. Nanyi wasomaji wenzangu, hasa mlioko ughaibuni, hamjambo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mzaliwa wa Tanga. Naishi Vantaa, mji ulioshikana na Helsinki, huku Ufini. Nyumbani nilifanya kazi miaka 6 kwa wakala wa forodha pale bandarini, na nilikuwa naijua kazi yangu. Mwaka 2023 nikapata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya ununuzi na ugavi, masomo yote kwa Kiingereza. Sisi tunaotoka nje ya Ulaya tunalipa ada, kwa hiyo mama aliuza shamba la michungwa Muheza. Mwanangu alikuwa na miaka 4. Nilimwachia bibi yake, nikamwambia narudi kumchukua nikishapata kazi.

Chuo kilikuwa Lappeenranta, karibu kabisa na mpaka wa Urusi. Wenyeji walituambia malori yalikuwa yakipanga foleni pale kama Tunduma. Sijamaliza hata muhula wa kwanza, mpaka ukafungwa. Niliyoyafuata mashariki yakawa hayapo tena. Nilipohitimu Juni 2025 nikahamia huku kusini, maana bandari ya Vuosaari iko huku na uwanja wa ndege uko huku. Nikapewa kibali cha miaka 2 cha kutafuta kazi.

Tangu hapo nimetuma maombi 160 na zaidi. Usaili nimeitwa mara 4.

Wasiofika huku hawanielewi ninaposema lugha imenishinda. Wananiuliza, si mnaongea Kiingereza huko? Ndiyo, tunaongea, na huo ndio mtego. Dereva wa basi anakijua, daktari anakijua, kijana wa dukani ukimwanzia Kifini cha kuungaunga anakuhurumia na kugeuza Kiingereza palepale. Miaka miwili ya chuo niliishi bila shida yoyote, nikadhani lugha inayotosha kununulia maziwa inatosha na kuniajiri. Tangazo la kazi unalikuta limeandikwa Kiingereza kizuri, unalisoma huku moyo unadunda, kisha mstari wa mwisho kabisa: awe na Kifini fasaha. Na hizo ni zile zinazotangazwa. Wafini wenyewe wana neno la kazi zisizotangazwa, piilotyöpaikka, kazi iliyofichwa, inayopita kwa kujuana. Kumbe kujuana kupo hata huku! Ila utajuana na nani, mahali ambapo jirani akikusikia koridoni anasubiri kwanza upite ndipo afungue mlango wake?

Basi nikaanza kujifunza. Darasa la jioni mara mbili kwa wiki, nikitoka kupiga deki ofisi za watu tangu saa 11 alfajiri. Kifini si kigumu kwa namna tuliyotishwa. Kutamka ni kama Kiswahili, unasoma kilichoandikwa, na kubandika vipande vya neno sisi tumezaliwa nako, ila wao wanabandika nyuma. Kuna neno taloni, nikaapa ni "nyumbani", kumbe kwao hiyo -ni ni "yangu", yaani nyumba yangu. Taabu ni mbili. Kwanza, Kifini cha kitabuni hakuna anayekiongea. Darasani tunafundishwa minä olen, yaani "mimi ni", mitaani wanasema mä oon. Pili ni urefu wa sauti. Tuli ni moto, tuuli ni upepo, tulli ni forodha. Sasa, Shangazi, wewe fikiria neno la kazi yangu mwenyewe likae hapo katikati.

Usaili wangu wa tatu niliamua kujieleza kwa Kifini. Nilikuwa nimekariri sentensi yangu wiki nzima: nimefanya kazi tullissa miaka 6, yaani forodhani. Hofu ikanivutia u, l nikaiacha moja, ikatoka tuulissa. Nimewaambia watu wale kwamba nimefanya kazi miaka 6 kwenye pepo. Mtu wa Tanga! Walitabasamu kwa adabu, wakahamia Kiingereza, wakasema watanipigia. Mpaka leo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Kuna dada mmoja Mtanzania, yuko huku zaidi ya miaka 20, ametulea wengi. Yeye ni lähihoitaja, muuguzi msaidizi, kazi anayoijua kila Mwafrika wa huku. Amenitafutia nafasi ya uanagenzi katika nyumba ya kulea wazee, nasoma huku nafanya kazi, na mshahara kidogo upo. "Mdogo wangu," ananiambia, "wazee hawa hawana haraka. Utakaa nao, watakufundisha Kifini kuliko darasa lolote. Ukishakimudu utarudi kwenye mizigo yako." Meneja ameshaniona, anataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Ningekubali siku ileile. Sidharau kuosha wazee, nimemwosha bibi yangu mpaka siku yake ya mwisho. Kinachonirudisha nyuma ni tarakimu fulani ambazo afadhali nisingezisoma. Mwaka 2019 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Akhlaq Ahmad, alichapisha matokeo ya maombi ya kazi 5,000 aliyoyatuma kwa majina ya kubuni. Waombaji wote walikuwa na elimu ya hukuhuku na Kifini safi, tofauti ilikuwa jina tu. Katika kila maombi 1,000, wenye majina ya Kifini waliitwa mara 390, ya Kiingereza 269, ya Kirusi 228, ya Kiiraki 134, ya Kisomali 99.

Jina langu, Shangazi, ukiliandika kwenye karatasi na ukamwonyesha mtu wa huku, atakwambia ni la Msomali.

Ndiyo maana silali. Kila ninayemuuliza ananiambia jifunze lugha, mengine yatafuata. Mbona hao wa kubuni lugha walikuwa nayo? Naogopa kutumia miaka miwili au mitatu kuutafuta ufunguo huu, halafu nifike mlangoni nikute kitasa ni kingine. Wakati huo miaka yangu ya forodha itakuwa imechakaa, hata Tanga au Dar nani atanichukua? Na nikishahamia kibali cha mfanyakazi, sheria ya tangu Juni 2025 inasema ukikosa kazi miezi 3, wengine miezi 6, kibali kinaweza kufutwa. Nako kwenye nyumba za wazee nasikia wameanza kupunguza watu.

Mama hajui lolote. Nikimpigia ananiuliza "ofisini hamjambo?" nami najibu hatujambo, kwa kuwa ofisini kweli nipo, na dekio mkononi. Mwanangu sasa anaanza kusoma. Juzi aliniuliza kama huko kwangu kuna madarasa ya watoto.

Naomba mnisaidie hasa ninyi mliopita njia hii, iwe huku, Sweden, Norway au Ujerumani. Yupo kati yenu aliyeingia kwenye uuguzi kwa ajili ya lugha kisha akatoka kurudi kwenye fani yake? Ilimchukua muda gani, na alipotoka alipokelewa? Na wale mliofupisha majina yenu kwenye wasifu, mliitwa zaidi? Ukifika kwenye usaili na sura yako, ukaulizwa jina kamili, unajibuje? Mimi jina hili nilipewa na marehemu baba, na kulikata naona kama namkana. Lakini kama ndilo linalonifungia mlango, niambieni ukweli.

Kibali changu kimebakiza miezi 11.

Ni mimi mwanao,
Mama Nuru, Vantaa