Kitabu cha mwezi ujao

Wapendwa, habari za jioni. Mwezi ujao tunasoma Morning and Evening cha Jon Fosse, yule Mnorwe aliyepata Nobel ya Fasihi 2023, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Damion Searls. Kijitabu chembamba, ila msikidharau: nukta humo ni za kutafuta kwa tochi. Someni kwa sauti, pumzi itawaonyesha pa kusimama. Mzee Johannes, mvuvi, anaamka mwili mwepesi ajabu. Akiwa baharini chambo chake kinagoma kuzama. Hapo ndipo nataka tubishane. Wasiopenda huzuni mniwie radhi, mwandishi anayefuata ni Vigdis Hjorth, naye Mnorwe, na kwake ni ugomvi wa kifamilia mtupu. Mwenye nakala ya ziada aseme, tuazimane. Jumapili saa kumi jioni, palepale.