Kabla hujaijenga hiyo faharasa

Swahiba wangu,

Salamu nyingi sana. Sisi wazima, za huko utanipa. Leo nimezifupisha kwa sababu jana usiku nilisoma ule mpangilio ulionitumia na usingizi ukaniruka. Umesema Ijumaa usiku mnajenga faharasa mbadala ya VSAM, ule mfumo wa faili wa kompyuta kubwa za IBM, juu ya faili la wateja, ili mteja atafutwe kwa ufunguo mwingine, si ule mkuu tu. Tafadhali, usiiguse kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Kinachonisumbua ni RECORDSIZE, yaani urefu wa rekodi za faharasa kwa baiti, wa wastani na wa juu. Umeweka 110 na 510, na hizo ni namba zangu. Nilikupa mwenyewe lile kabrasha, kwa hiyo deni ni langu kukwambia zilitufanya nini. Ufunguo mbadala wetu ulikuwa wa baiti 5, ufunguo mkuu baiti 10, kama wenu. Rekodi ya faharasa huanza na baiti 5 za udhibiti, unafuata ufunguo mbadala, kisha funguo kuu za rekodi zote zenye ufunguo huo, mmoja nyuma ya mwingine. Toa 10 kwenye 510, zinabaki 500: nafasi ya wateja 50 basi. Na sisi tulikuwa na msimbo mmoja wa eneo wenye wateja 73.

BLDINDEX, amri inayoijaza faharasa, haikugoma. Ilipachika 50, ikawaacha 23 nje, ikaandika ujumbe wake na kumaliza kwa namba 4, yaani onyo tu. Kazi yenyewe ilikuwa imeandikwa ikubali 4 na kusonga mbele, ikasonga. Asubuhi simu zikaanza: wateja hawaonekani. Ukiwatafuta kwa ufunguo mkuu wapo wote, hakuna hata baiti moja iliyopotea. Ukipitia faharasa, kimya. Siku mbili tulichambua programu za COBOL mstari kwa mstari! Mzee ndiye aliyeomba karatasi ya matokeo ya usiku ule, akaweka kidole kwenye ujumbe, akanyamaza. Mpaka leo naukumbuka ule unyamavu.

Basi usipime kwa wastani. Zichambue funguo mbadala kwa SORT, uzihesabu, uuone ule wenye watu wengi kuliko yote, kisha uuongezee wa miaka ijayo. Ukiupangia wateja 400, ukubwa wa juu ni 5 na 5 na 4,000, yaani 4,010. Usiogope kwamba utakula diski: rekodi zina urefu tofauti, yenye wateja wawili itabaki fupi vilevile.

Halafu KEYS, yaani urefu wa ufunguo mbadala na mahali unapoanzia ndani ya rekodi. Umeandika 5 na 21. Kama huo 21 umeutoa kwenye mpangilio wa rekodi unaohesabu kuanzia moja, andika 20, maana VSAM huhesabu kuanzia sifuri. Ukikosea hapo hakuna atakayekulalamikia. Faharasa itajengwa juu ya baiti zisizo zake na itaonekana nzima kabisa.

Kuhusu UPGRADE, inayoisasisha faharasa kila faili mama linapobadilika, namwelewa Bi Mkubwa wenu wa kazini anapotaka NOUPGRADE. Kila rekodi inayoingia kwenye faili mama huongeza maandishi kwenye kila faharasa yenye UPGRADE, na kazi zenu za usiku ni ndefu tayari. Lakini hii inatafutwa mchana kutwa na watu wa kaunta! Mteja aliyesajiliwa saa nne hataonekana mpaka mjenge upya. Mimi nisingekubali. NOUPGRADE iacheni kwa ile ya ripoti za mwezi, na hiyo muipe REUSE, ili BLDINDEX iweze kuijaza upya bila kuifuta na kuitangaza tena pamoja na njia yake (PATH), lile jina ambalo programu hupitia kulifikia faili kwa faharasa.

NONUNIQUEKEY, inayoruhusu ufunguo mmoja uwe na wateja wengi, umeiweka sawa. RELATE inataja faili mama na PATHENTRY inataja faharasa, nimeangalia, ziko sawa. FREESPACE, ile nafasi ya akiba, tutazungumza siku nyingine.

Ila ile 4, swahiba. Hata ukubwa ukiwa sahihi leo, msimbo mmoja unaweza kuvimba baada ya miaka miwili, na atakayejenga upya huenda asiwe wewe wala mimi. Badilisha sharti la kazi, hatua ya BLDINDEX isimamishe kila kitu ikitoa chochote zaidi ya sifuri. Wakikwambia unachelewesha usiku, nipigie, nitaongea nao mwenyewe.

Sasa nijibu. Ufunguo wenu wenye msongamano mkubwa una wateja wangapi? Nani anashika zamu Ijumaa, na anasoma ujumbe au anatazama namba ya mwisho tu? Kwenye programu za COBOL mmeandika WITH DUPLICATES, ya kuruhusu ufunguo ujirudie? Mzee bado anapita ofisini? Na mkono wa mtoto, bendeji imetolewa?

Nasubiri kabla ya Ijumaa.

Wako wa zamu ya usiku