Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kifafa Kisichoangusha

Ndugu wanachama, wazazi na walezi,

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na kwa hali ya mfuko wetu hatawachosha. Mimi nitasema zaidi juu ya jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yaani kifafa kisichoangusha mtu.

Mnakikumbuka kikao cha mwezi wa sita. Mama mmoja alikuwa akitusomea majina ya wanaodaiwa ada, akakatika katikati ya jina. Macho yakaganda ukutani, mdomo ukawa unatafunatafuna, mkono wa kulia unavuta pindo la kanga, unaliachia, unalivuta tena. Kama dakika moja na nusu hivi. Kisha akameza mate, akauliza, "Tumefika kwa nani?" Mzee aliyekaa nyuma akasema huyu kapandisha pepo.

Hakupandisha. Ilikuwa shoti ya umeme wa ubongo kwenye lobu ya tempora, sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, ambako kumbukumbu, woga na harufu ni majirani. Ndiyo maana kwa wengine huanza kitu kinachopanda kutoka tumboni hadi kooni, au hofu isiyo na sababu, au harufu ya kuungua na jiko limezimwa. Mimi mwenyewe niliiita kichefuchefu kwa miaka, huku daladala zikinipitiliza kituo na konda akidhani nimelewa.

Mama yule alikuwa ameshazunguka kwa waganga, akapewa hata dawa za usingizi. Kilichomsaidia ni binti yake kumrekodi kwa simu. Daktari aliitazama ile video mara mbili, akamwanzishia kabamazepini, dawa ya kifafa. Kipimo cha umeme wa ubongo kilikuwa kimetoka safi, na hilo lisiwashangaze: shoti isipokuwepo wakati wa kupimwa, kipimo kinaweza kisione kitu. Basi rekodini, kisha video mpelekee daktari, si kundi la WhatsApp la ukoo.

Wazazi wameuliza chanzo. Mara nyingi hakijulikani. Kwa baadhi yetu kuna kovu kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu ndani ya lobu hiyo, na nyuma yake degedege la muda mrefu utotoni. Degedege fupi la homa kwa kawaida haliachi alama. Likipita dakika tano, mbebe mtoto uende hospitali. Habari ya kumfukiza kinyesi cha tembo tuiache.

Dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila vipindi vya kifafa wakitibiwa sawasawa. Cha lobu ya tempora ni kikaidi zaidi. Dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zikishindwa, omba rufaa kwa bingwa, kwa sababu upasuaji upo. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa 2001, wenye wagonjwa 80, asilimia 58 ya waliopangiwa kisu walimaliza mwaka bila vipindi vya kupoteza fahamu. Waliobaki na vidonge ni asilimia 8. Jirani hapa Uganda, upasuaji huo umewahi kufanyika Mbale.

Lakini kabla ya kusema dawa zimeshindwa tuulizane kama zilimezwa. Kituo kimoja tunachokitegemea kilikaukiwa wiki tatu, watu wakawa wanagawana vidonge nusunusu. Kukatisha ghafla ni hatari: vipindi huja mfululizo. Tuliandika barua, tukajibiwa kwamba suala linafuatiliwa. Kamati imeamua kila mwanachama ajitahidi kuwa na akiba ya wiki mbili.

Kina mama, kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Wawili wetu walilijua hilo wakiwa tayari wajawazito. Watoto ni wazuri, alhamdulillahi, ila taarifa ilichelewa. Anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, na anataka kuzaa amwone daktari mapema, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kwa majirani: mtu akizubaa hivyo msimkamate kwa nguvu wala msimtie kijiko mdomoni. Msogezeni mbali na mafiga na barabara, mngojeeni arudi.

Fomu za uchaguzi ziko kwa Katibu. Na yule mdaiwa ambaye jina lake lilikatikia njiani, deni lako bado lipo kwenye daftari.

Mwenyekiti