Usituletee geji peke yake, njoo na gari

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Pasiansi aliingia karakanani kwetu hapa Mabatini, Mwanza, na kiroba cha unga mkononi. Tukampa shikamoo, akaitikia, akakimwaga mezani: geji tano za dashibodi ya Datsun 240Z, gari la zamani la Kijapani, nyaya zimekatwa kwa koleo karibu kabisa na mgongo wa geji.

"Wanangu, hizi zimekufa zote. Nifufulieni."

Tukamuuliza gari liko wapi. Liko nyumbani, akasema, na haliwaki tangu siku geji zilipotolewa. Ameshanunua koili mpya, ile inayozipa plagi umeme wa cheche, na plagi mpya.

Koili haikuwa na kosa. Kwenye 240Z, umeme unaokwenda kwenye koili hupitia kwanza nyuma ya geji ya mizunguko ya injini, na geji inahesabu mizunguko kwa kuhisi mkondo huo unavyokatika na kurudi. Ukiing'oa ukaacha ncha mbili za waya zinaning'inia, koili haipati kitu, na gari halitawaka hata ulisukume mpaka Igoma. Tulikwenda Pasiansi, tukaunganisha zile ncha kwa muda, injini ikaitika. Mzee alicheka, kisha akanyamaza, nadhani alikuwa anapiga hesabu ya spea alizonunua.

Ndiyo maana tunaomba gari lije na geji zikiwa bado mahali pake. Geji ni msemaji tu. Habari inatoka kwenye tangi, kwenye injini, kwenye gia boksi, na njiani kuna nyaya za miaka hamsini zenye kutu. Kati ya zile geji tano za mzee, iliyokuwa imekufa kweli ni moja, saa.

Chukua geji ya mafuta. Mshale unalala chini hata tangi likijaa, mwenye gari anasema geji mbovu. Sisi tunaanzia nyuma kabisa, kwenye sensa ya tangi. Tunakwangua kutu kwenye ethi yake, yaani pale inapogusana na bodi ili umeme urudi kwenye betri, tunavuta waya mpya hadi kwenye bodi, tunawasha swichi. Mara nyingi kazi inaishia hapo, na tunakutoza waya na muda, basi. Ethi ikiwa nzima, tunaitoa sensa tuone kama floti, lile boya lake, imejaa petroli na kuzama, au kama ule waya mwembamba wa ndani umelika.

Kwenye magari ya Kiingereza, kama MGB yenye geji za kampuni ya Smiths, kuna kitu kingine: kikopo kidogo nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme mpaka wastani wa volti 10 kwa ajili ya geji ya mafuta na ya joto. Kikikosa ethi, kinaachia volti zote za betri, na geji zote mbili zinapanda kwa pamoja. Umeona joto limepanda na mafuta nayo "yameongezeka" bila kupita sheli? Usiguse geji. Wala usiende kununua redieta.

Spidomita ndiyo inayotupa kazi ya mikono. Ndani yake, kebo kutoka gia boksi inazungusha sumaku iliyo ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu. Sumaku na kikombe havigusani kabisa. Sumaku ikizunguka inakikokota kikombe, springi nyembamba kama unywele inakivuta kirudi, na mshale unasimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Sasa mtu anasikia kebo inalia, anachukua grisi anaipaka toka chini hadi juu. Grisi inapanda na mzunguko wa kebo, inaingia kwenye kikombe, inakutana na vumbi la Nyakato, na mshale unaanza kuganda kwenye 40 au kupepesuka kama mlevi. Ya mzee ilikuwa hivyo hivyo. Tuliiosha, tukaweka tone moja la mafuta ya saa kwenye egemeo lake, tukafuta kebo na kuacha sentimita 15 za juu zikiwa kavu. Ukipaka mwenyewe nyumbani, acha hizo sentimita 15.

Kabla ya kuung'oa mshale, tunauinua kidogo uvuke kile kipini cha sifuri na kuuacha ushuke unapotaka wenyewe, halafu tunaweka alama pale uliposimama. Springi imeshaukaza kidogo dhidi ya kipini toka kiwandani. Ukiurudisha kwa kukisia, spidomita itadanganya kwenye kila spidi. Na ikidanganya kwa kusoma chini, utaambiwa na askari mwenye tochi: wewe unaona 45 kwenye eneo la 50, yeye anaona 58, na elfu thelathini inakutoka.

Mwenye gari la maili naye akumbuke kwamba hiyo 50 ni maili 31 tu. Geji nyingi za Smiths zina namba ndogo usoni, kama 1280, ambayo ni mizunguko ya kebo kwa kila maili moja. Ikiwa gari limebadilishwa difu (gia za ekseli) au saizi ya tairi, namba hiyo hailingani tena na gari. Tunapima hivi: tunachomoa kebo, tunabandika kipande cha karatasi kwenye ncha yake, tunapima mita 16.09 barabarani, ambayo ni moja ya mia ya maili. Vijana wa bodaboda wanasukuma gari taratibu, mmoja wetu amejikunja ndani anahesabu karatasi ikizunguka. Kwa geji ya 1280 tunatarajia karibu mara 12 na robo tatu hivi. Watu wanasimama kutazama, wanadhani tumeishiwa mafuta.

Ziwa nalo lina mchango wake. Raba ya kioo ikishakauka, unyevu unaingia, na asubuhi geji ina ukungu kwa ndani. Tumeshafungua geji ya gari linalolala Capri Point tukakuta wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi, wamejaa chini ya kioo, waliingia kwenye tundu la balbu wakifuata mwanga. Tunaweka raba mpya. Silikoni ile inayonuka siki hatuitumii, mvuke wake unakula shaba ya ndani. Uso wa geji tunaupangusa kwa brashi ya poda, kavu. Ukipitisha spiriti au thina, namba zinaondoka na kitambaa, na zile namba ndizo gari lenyewe.

Kwenye 240Z kuna jambo moja la hatari. Geji ya ampea inapitisha umeme wenyewe, si habari yake tu. Nati ikilegea nyuma yake, joto linaanza, na moto wa dashibodi huanza hivyo. Najua mtu akisikia gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na Edgar Herrmann, kisha 1973 na Shekhar Mehta, anataka taa nne kubwa mbele. Weka, zinapendeza, lakini zipite kwenye relei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi zake kutoka kwenye betri. Na yeyote anayeingiza mkono nyuma ya dashibodi achomoe betri kwanza.

Hatupunguzi kilomita. Gia ya kihesabio cha kilomita ikiwa imevunjika tunaitengeneza, namba tunairudisha ilipokuwa, na tunaiandika kwenye risiti. Tumeshaombwa zaidi ya mara moja, na jibu ni hilo hilo.

Kupima gari likiwa hapa hatutozi. Kama gari haliwezi kutembea na upo Sengerema au Geita, tupigie kwanza tukuelekeze vipimo viwili vitatu vya kufanya na fundi wako, kabla hajashika koleo. Ikibidi geji zije kwa basi, funga kila moja peke yake kwenye kitambaa, na kila waya uandikie ulikotoka.

Saa ya mzee bado iko mezani kwetu, imesimama saa saba na robo, inasubiri gia moja ndogo. Gari lenyewe amelichukua, anasema saa anayo ya mkononi.