Rimu Hununuliwa: Barua ya Wazi kwa Wanangu Mnaorudi Nyumbani kwa Gari

Wanangu na wajukuu zangu mlioko Dar es Salaam,

Nawasalimu kutoka Iringa. Huku mvua zimeanza, watu wako mashambani, na simu nazo zimeanza kama kila mwaka ukifika mwezi huu: "Shikamoo Babu, safari hii tunakuja na gari letu." Nafurahi sana kusikia hivyo. Zamani mlikuja na basi, nikawapokea stendi na mabegi yenu. Sasa mmejinunulia IST, Vitz na Passo, na baadhi yenu bado mnalipa mkopo wake. Mungu awazidishie.

Ila mwaka jana niliwauliza wanne kati yenu kama mmewahi kubadilisha tairi kwa mikono yenu wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo. Mmoja alinijibu kwamba fundi yupo kila mahali. Mwanangu, kati ya Chalinze na Iringa kuna sehemu usiku unakaa saa nzima bila kuona taa ya nyumba. Nimeendesha malori kwenye barabara hiyo miaka 31, kutoka bandarini hadi Tunduma na kuvuka kuingia Zambia, na jambo hili silalii usingizi mpaka niwaambie.

Naanza na lililo kubwa kuliko yote. Tairi likiisha upepo, dereva asiyezoea hukanyaga breki na kusimama palepale. Usifanye hivyo. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, acha gari lipunguze mwendo lenyewe. Ukikanyaga breki kwa nguvu wakati tairi limepasuka, gari linavutwa upande na unaweza kulipindua. Likishatulia, washa hazadi, kisha nenda nalo polepole, mwendo wa mtu anayetembea, mpaka upate mahali pa kusimama. Najua mtakachosema: "Babu, tairi litakatika, na rimu itapinda." Ni kweli, litakatika, na pengine itapinda. Rimu hununuliwa. Hata Dar, Kariakoo, mtaipata ya mtumba siku hiyohiyo.

Sisemi hivi kwa kusikia. Mwaka 1993, usiku, tulipata pancha upande wa kulia, nyuma, mbele kidogo ya Doma. Nilikuwa na utingo wangu, kijana wa miaka 22, mchapakazi, asiyejua kulalamika. Mbele yetu, mita kama mia tatu, palikuwa na uwanja mpana wa changarawe tulioufahamu wote wawili. Nikaona tairi bado zima, ni jipya, nisiliharibu. Nikasimama nusu lami, nusu majani. Tukakata matawi tukayaweka nyuma, kama ilivyo desturi. Kijana akapiga magoti, mgongo wake ukielekea barabarani, akawa anafunga nati za mwisho. Gari lililokuja nyuma halikuyaona matawi. Asubuhi nilizimalizia zile nati mwenyewe. Nililiokoa tairi. Kwa hiyo mkinisikia nasisitiza mahali pa kusimama kuliko jeki na spana, mjue ninachokisema.

Mahali panapofaa ni tambarare, pagumu, pako mbali na kona, na si nyuma ya mgongo wa kilima ambako anayekuja hakuoni mpaka akufikie. Gari lote liwe nje ya lami. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo pancha ya upande wa kushoto ina nafuu, mwili wa gari unakukinga. Ya kulia ndiyo ya hatari, unachuchumaa upande wa magari yanayopita. Hapo sogeza gari ndani zaidi mpaka uweze kufungua mlango wa kulia wote na bado ibaki nafasi ya mtu kupita. Kama haiwezekani, hapo si mahali pake, endelea mbele. Kituo cha mafuta, kiwanja cha dukani, njia ya kuingilia kijijini, vyote vinafaa. Pale Ruaha Mbuyuni wanapouza vitunguu pana nafasi ya kutosha na watu wapo.

Mteremko wa Kitonga ni habari nyingine. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, malori yanashuka breki zikiwa za moto, na nyuma ya lori linalopanda kwa kujikokota kuna mtu amechoka kusubiri anataka kulipita kwenye kona. Tairi likikuishia Kitonga, tambaa nalo hadi barabara inapopanuka, hata rimu iwe inasaga lami. Gari likigoma kabisa, watu wote washuke wakae mahali salama mbali nalo, mmoja aende kuwaonya wanaokuja, piga 112 uite polisi. Usithubutu kuweka jeki kwenye mteremko. Jeki ya gari dogo imetengenezwa kubeba uzito unaoshuka chini moja kwa moja. Gari likisogea hata kidogo, jeki inalala, na gari linalala juu yake.

Na Mikumi. Barabara inapita ndani ya hifadhi kiasi cha kilometa 50, na wanyama hawajui kwamba leo mna safari. Tembo, nyati na simba wapo. Pangeni safari mpite pale mchana. Mkipata pancha ndani ya hifadhi, jikokoteni mpaka getini kama inawezekana. Isipowezekana, kaeni ndani ya gari, simamisheni gari linalopita au ombeni askari wa hifadhi waitwe. Watoto wasishuke kwenda kujisaidia kwenye majani, hata wakilia.

Sasa nyumbani, kabla hamjaondoka. Nawafahamu, buti mtalijaza: mchele, mabegi, zawadi za bibi, ndoo ya mafuta ya kula. Na spea iko chini ya vyote hivyo, chini ya sakafu ya buti. Siku moja kabla ya kupakia, itoeni spea muiangalie. Nyingi ya hizi gari ndogo zina spea nyembamba, ya muda tu. Ubavuni imeandikwa mwendo wake wa juu, kilometa 80 kwa saa, na upepo wake, 60 PSI, yaani kPa 420. Mafundi wengi hujaza 30 kwa mazoea ya matairi mengine, na tairi hilo jembamba likiwa na 30 halibebi familia na mchele. Someni wenyewe, mwambieni fundi namba. Angalieni na umri wake: kuna tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni, ikiwa 2314 basi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukikaa gizani bila kutumika.

Kisha jaribuni kulegeza nati moja ya kila gurudumu kwa spana iliyomo ndani ya gari, halafu mkaze tena. Hili ndilo linalowaumbua watu. Fundi amefunga nati kwa mashine ya upepo, imekaza mpaka mwisho, na wewe porini una kispana cha urefu wa kiganja na nusu. Kila mkitoka kubadilisha matairi, mwambieni amalizie kwa mkono, mbele ya macho yenu. Baadhi ya magari yaliyotoka Japani yana nati moja ya kufuli kila gurudumu, inayohitaji kichwa chake maalumu. Kama hamkijui kilipo, afadhali mlijue hilo leo Mbagala kuliko kesho Doma.

Ongezeni vitu vichache: pembetatu mbili, tochi ya kuvaa kichwani, kizibao kinachong'aa, glavu, na kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini ya jeki. Kwa mvua hizi, jeki bila ubao inazama kwenye tope, gari linabaki palepale. Viwekeni pembeni, si chini ya mchele.

Mkishasimama mahali pazuri, zima injini, acha hazadi ziwake, vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P, ile ya kuegesha. Abiria wote washuke kwa milango ya kushoto, waende mbali na barabara, na wasisimame mbele wala nyuma ya gari, kwa maana likigongwa ndiko linakosukumwa. Pembetatu peleka nyuma hatua mia moja, na kama kuna kona au kilima nyuma yako, ivuke kabisa kona ile. Ukienda kuiweka tembea pembeni, uso ukitazama magari yanayokuja. Matawi ongezeni mkipenda, ila usiku hayang'ai, nimewaeleza yaliyonikuta. Na mawe msiweke barabarani. Watu wanaondoka wanayaacha, na anayekuja kuyavamia gizani ni kijana wa bodaboda.

Hapa nieleze kitu ambacho wengi hawakijui. Msidhani P inatosha. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama hizo zenu nyingi, P inashika magurudumu ya mbele kupitia difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Ukiinua gurudumu moja la mbele likaning'inia, difu inaliruhusu lizunguke, na lile la pili lililo chini linaweza kuzunguka upande mwingine. Hapo P haishiki tena, kinacholizuia gari ni breki ya mkono peke yake iliyo nyuma. Kama waya wake umelegea, gari linaondoka. Ndiyo maana lazima jiwe au kipande cha gogo kiwekwe, mbele na nyuma, kwenye gurudumu lililo pembe ya pili kutoka lile unaloinua. Pancha ni mbele kulia, jiwe liwe nyuma kushoto.

Legezeni nati gari likiwa bado chini, nusu mzunguko tu kila moja. Weka spana mkia wake ukielekea kushoto kwako, kisha sukuma kwenda chini kwa uzito wa mwili. Usivute kwenda juu, mgongo utakushika na spana ikichomoka itakupiga usoni. Jeki iweke mahali pake: kwenye ukingo wa chini wa bodi, karibu na gurudumu, kuna alama mbili zilizokatwa, jeki inakaa katikati yake. Ukiiweka kwenye bati tupu inatoboa. Ukianza kuinua, lisukume tairi la spea chini ya gari, lilale karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi na si mguu wako. Ukishatoa lenye pancha, badilishana, lile bovu liingie chini na spea itoke. Hakuna sababu yoyote ya kuingiza kichwa wala mkono chini ya gari. Nati ikibingiria huko, ivute kwa fimbo.

Spea ikishakaa, zirudishe nati kwa vidole kwanza, upande uliochongoka ukielekea kwenye rimu. Msipake oili. Kazeni kidogo kwa kuruka: zikiwa tano, fungeni moja mruke moja, zikiwa nne, fungeni inayotazamana na nyingine. Mkizifuata kwa mduara rimu inakaa upande. Shusheni gari, toeni jeki, ndipo mkaze kwa nguvu zote, kwa mpangilio uleule. Hesabuni vifaa, ondoeni mawe ya chini ya magurudumu, kisha ifuateni pembetatu mwisho kabisa.

Mkiondoka, msikimbie. Simameni baada ya kilometa kama 50 mkaze nati tena, mara nyingi mtakuta moja au mbili zimekubali kuzunguka kidogo. Na pancha izibwe kwenye mji wa kwanza mtakaofika, kwa sababu kuanzia hapo mnasafiri bila akiba.

Neno kwa mabinti zangu, na kwa yeyote aliye peke yake usiku. Kama mahali hapakupi amani, usishuke. Funga milango, endelea kujikokota mpaka penye taa na watu, hata rimu iishe. Anayekuja kusaidia kwa nia njema hatachukia ukimwambia kupitia kioo kilichofunguka kidogo kwamba umeshampigia baba yako. Na mimi nipigieni saa yoyote. Simu yangu siizimi mwezi wa kumi na mbili.

Jumamosi hii, kabla ya joto, tafuteni uani palipo sawa mjaribu mara moja tangu mwanzo hadi mwisho, mume na mke pia, na yule mjukuu wangu mwenye leseni mpya awe wa kwanza kushika spana. Siku ya kuondoka mnipigie kabla hamjawasha gari. Sitawauliza mmebeba nini. Nitawauliza upepo wa spea ni ngapi.

Babu yenu,
dereva mstaafu, Iringa